Wendover hadi Princes Risborough kwa miguu: njia, matope na haki ya kupita shambani

Sokomoko_Ldn

Habari wakuu. Tuko sita, tunakaa London, hatuna gari. Jumamosi moja ya Novemba tunataka kutoka Wendover kwa miguu mpaka Princes Risborough, tupite misitu, mabonde na mashamba. Njia inaonekana au tutapotea? Tukadirie muda gani? Na ni kweli unaruhusiwa kukatiza katikati ya shamba la mtu bila kuomba? Ramani ya kwenye simu inatosha?

Mwaloni

Mmechagua vizuri. Vituo vyote viwili vina treni za kituo cha Marylebone, London, ila viko kwenye reli mbili tofauti, kwa hiyo ulizeni kwanza kama tiketi ya kwenda na kurudi inakubalika kurudi kutoka kituo kingine.

Karibu safari yote mtakuwa kwenye Ridgeway, njia ndefu ya kitaifa ya waenda kwa miguu, ambayo vibao vyake vina alama ya tunda la mwaloni. Mkitoka kituoni Wendover, uacheni mji nyuma, pandeni barabara kuelekea magharibi. Baada ya muda mfupi njia inaacha lami upande wa kushoto na kupanda Bacombe Hill, kisha Coombe Hill (mita 260) penye mnara wa askari waliokufa kwenye Vita vya Makaburu. Hapo mnaingia msituni, halafu mnakata eneo la Chequers, nyumba ya mapumziko ya Waziri Mkuu wa Uingereza. Njia inavuka kabisa barabara ya kuingilia kwake! Msitoke nje ya njia hata kwa ajili ya picha: tangu 2007 kuingia eneo hilo bila kibali ni jinai. Mwisho mnapanda Whiteleaf Hill na kushuka Princes Risborough. Stesheni iko upande wa pili wa mji, msiisahau kwenye hesabu.

Muda: ni kama kilomita 11, na jumla ya kupanda ni mita 250 hadi 300. Kanuni ya Naismith inasema saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Inatoka saa mbili na dakika 40 hivi. Hiyo ni ya mtu mkakamavu asiyesimama. Kwa kundi la watu sita na matope ya Novemba, wekeni saa nne. Mwishoni mwa mwezi huo jua linazama karibu saa kumi jioni na msituni giza huwahi, hivyo saa nne asubuhi muwe mmeshaanza kutembea.

Kuhusu matope, wageni wengi hudhani bondeni ndiko kubaya. Kwenye vilima hivi vya Chilterns ni kinyume. Mwamba wa chini ni chaki, inanyonya maji, kwa hiyo mabonde mengi hayana hata kijito. Juu ya vilima ndiko kuna tabaka la mfinyanzi uliochanganyika na mawe ya gumegume, na huo unashika maji na kushika viatu. Njia inayoruhusu farasi ni mbaya zaidi, kwato zinaivuruga. Kwenye mteremko, chaki iliyolowa inateleza kama sabuni, hivyo soli iwe na meno marefu.

Jambo la pili ni majani. Novemba misitu ya miti ya bichi inakuwa zulia moja la kahawia, na mstari wa njia unapotea. Acheni kutazama chini, tazameni mashina: sehemu nyingi kuna mishale myeupe iliyopakwa rangi. Mkitembea dakika tano bila kuona alama yoyote, rudini kwenye ya mwisho. Msibahatishe mbele.

Kontua

Naongezea kwenye ramani na sheria. Chukueni ramani ya karatasi ya Ordnance Survey Explorer namba 181, ya 1:25,000, ambapo sentimita 4 ni kilomita moja. Programu ya simu ni sawa, ila pakueni ramani kabla, mtandao hukatika mabondeni na baridi hula betri.

Vistari vya kijani kwenye Explorer ndivyo haki ya kupita. Vistari vyeusi vinaonyesha tu kwamba kuna njia ardhini. Havithibitishi kwamba una haki ya kuipita. Watu wengi hunaswa hapo. Kwenye vibao, mshale wa njano ni wa waenda kwa miguu, wa bluu ni pamoja na farasi na baiskeli.

Ndiyo, mnaruhusiwa kukatiza shamba bila kuomba, ila kwenye mstari ule ule wa ramani. Mkulima anaweza kulima njia inayopita katikati ya shamba, lakini sheria ya 1990 inamtaka airudishe ndani ya siku 14, upana usiopungua mita 1 kwa njia ya miguu. Njia ya pembeni mwa shamba hairuhusiwi kulimwa kabisa. Mkikuta tifutifu tupu, simameni getini, elekezeni ramani kwa dira, chagueni mti au geti upande wa pili, kisha nendeni mmoja nyuma ya mwingine. Kuzunguka pembeni kunaonekana adabu, lakini haki yenu haiko huko.

Sokomoko_Ldn

Asanteni sana. Je, ng'ombe? Mmoja wetu ana mbwa. Na viatu vya mpira virefu?

Zizi

Viatu vya mpira hapana kwa kilomita 11, kisigino kinacheza ndani na malengelenge hayakwepeki. Buti za kifundo, soksi za sufu, na jozi ya akiba.

Fahali wa maziwa aliyezidi miezi 10 haruhusiwi shambani penye njia ya umma. Wa nyama anaruhusiwa akiwa na majike, na mara nyingi ni mtulivu. Wa kuogopa ni mama mwenye ndama. Msipite kati yao, zungukeni kwa mbali, na mbwa awe kwenye kamba fupi. Wakiwafuata kwa kasi, mwachieni mbwa. Wanamtaka yeye, naye anakimbia kuliko ninyi. Geti liacheni kama mlivyolikuta.

Kontua

Na kabla ya kutoka nyumbani, tuma neno "register" kwa namba ya dharura 999 na ufuate maelekezo. Ukishasajiliwa, utaweza kuomba msaada kwa ujumbe mahali ambapo simu haishiki vizuri. Uandike na namba ya gridi ya ramani, maana msitu hauna anwani.