Je, riwaya ya Orwell bado ina la kutufundisha kuhusu simu zetu?

Mwalimu wa Fasihi

Ndugu wanajukwaa, ninafundisha fasihi katika shule ya sekondari, na muhula huu nimewasomesha wanafunzi wangu sehemu kadhaa za *Nineteen Eighty-Four*, riwaya ya George Orwell iliyotoka mwaka 1949. Mwandishi hakuwa mgeni kwao, kwani wengi walikwisha kuisoma *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Tulifika pale Winston Smith, mhusika mkuu, anapojibanza kwenye kona ya chumba ili aandike shajara yake bila kuonekana na runinga ya ukutani, runinga ambayo huonyesha mambo ya Chama kinachotawala na papo hapo humtazama na kumsikiliza aliye mbele yake, naye anaweza kuipunguza sauti lakini kuizima hawezi. Binti mmoja akanyoosha mkono akasema: "Mwalimu, huyu aliwekewa. Mimi ya kwangu, simu, nimedunduliza hela nikainunua, na ikiibiwa nitalia." Darasa zima likaangua kicheko, nami nikakosa jibu.

Ninaomba mawazo yenu. Je, riwaya zinazobuni dola za kutisha namna hii zinatusaidia kuuelewa ufuatiliaji wa kidijitali wa leo, au zinatupumbaza, tukaamini kwamba maadamu hakuna picha ya Kaka Mkubwa, mtawala wa dola ya Orwell, ukutani basi faragha yetu iko salama?

Msomaji wa Usiku

Mwalimu, jibu la binti huyo limo katika riwaya hiyohiyo, ila liko mbele kidogo. Winston na mpenzi wake Julia wanakodi chumba juu ya duka la vikorokoro la mzee Charrington. Wanakipenda kwa sababu hakina runinga. Wanapeleka humo kahawa na sukari halisi, vitu adimu kwa watu wa daraja lao, na humo wanasema kila lililo moyoni. Kumbe runinga ilikuwa nyuma ya picha iliyotundikwa ukutani tangu siku ya kwanza, na yule mzee mpole ni wa Polisi wa Fikra, wanaowasaka wenye mawazo yanayopinga Chama. Chumba hicho hakuna aliyewalazimisha kukiingia. Walikitaka wenyewe, wakakilipia kodi, na walizungumza kwa uhuru zaidi humo kuliko mahali pengine popote. Ukitaka ukurasa unaofanana na simu ya mwanafunzi wako, ni huo, wala si ule wa kona.

Mbele ya runinga inayojulikana, Winston huupanga uso wake, kwa kuwa hajui ni saa ngapi anatazamwa na ni saa ngapi hatazamwi. Sisi mbele ya simu hatuupangi uso hata kidogo. Tunaiuliza usiku wa manane maswali ambayo hata daktari tungeona haya kumuuliza.

Mama Wawili

Naomba niongeze yaliyonipata mimi mwenyewe. Mwaka juzi nilikopa shilingi 60,000 kupitia programu ya mikopo ya mtandaoni, sitaitaja jina. Wakati wa kujiunga iliniomba ruhusa ya kuona namba za watu waliomo kwenye simu yangu, nikabonyeza "kubali" kwa sababu mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sikuwa na muda wa kusoma. Nilichelewa kulipa siku tatu. Siku ya nne nilikuwa msibani, nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, shangazi yangu akanisogelea na simu yake mkononi akaninong'oneza: "Mwanangu, hawa ni akina nani wanaosema wewe ni tapeli?" Ujumbe huohuo ulikuwa umemfikia mwenye nyumba wangu, na fundi aliyewahi kunitengenezea friji mara moja tu, ambaye hata jina lake nilikuwa nimeliandika "Fundi Friji".

Katika riwaya hiyo, kama ninaikumbuka vyema, jirani wa Winston anashtakiwa na binti yake mdogo aliyemsikiliza kwenye tundu la ufunguo. Chama kinavunja udugu ili kitawale. Wale walionikopesha walifanya kinyume chake: waliuacha udugu wangu ukiwa mzima, wakaufanya dhamana bila kuniambia. Walijua kwamba kwetu sisi mtu huogopa macho ya shangazi kuliko barua ya wakili. Jambo hilo Orwell hakulifikiria, na simlaumu, hakuwa na shangazi wangu.

Wakili wa Jioni

Pole sana, Mama Wawili. Mkasa wako unanikumbusha *The Trial* ya Franz Kafka zaidi kuliko Orwell. Josef K. anakamatwa asubuhi akiwa chumbani kwake, na hadi mwisho haelezwi kosa lake wala haoni jalada lake. Mateso yake hasa ni kwamba wapo watu wanaomwamulia mambo kwa maandishi asiyoweza kuyasoma wala kuyasahihisha. Mwanasheria wa Marekani, Daniel Solove, amekuwa akieleza tangu miaka ya mwanzo ya 2000 kwamba hifadhi za data zinafanana na ulimwengu huo kuliko ule wa Kaka Mkubwa, nami nakubaliana naye.

Hata hivyo, tusizifuate riwaya hizi mpaka kwenye kukata tamaa kwake. Winston hana mahakama ya kukimbilia. Sisi tunayo. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, yaani vitambulisho vya kidijitali, kwa sababu Serikali haikuwa imefanya tathmini ya athari kwa data za watu, jambo linalotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, pamoja na Tume ya kuisimamia. Shangazi yako hakuwahi kukubali kutumiwa ujumbe ule, na hapo ndipo ningeanzia malalamiko.

Fundi Kompyuta

Nadokeza tu. Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta nakala za riwaya hiyohiyo ya Orwell kutoka kwenye visomeo vya Kindle vya wateja waliokwisha kuinunua, kwa kuwa aliyeziuza hakuwa na haki ya kuziuza. Fedha zilirudishwa na kampuni ikaomba radhi. Lakini aliyelala na kitabu aliamka hana, na katika riwaya kazi ya Winston ofisini ni hiyohiyo ya kufuta yaliyokwisha kuchapishwa.

Mwalimu wa Fasihi

Nawashukuru nyote, na pole nyingi kwa Mama Wawili. Jumatatu nitawasomea ukurasa wa chumba cha Charrington. Kwa kuwa shuleni simu haziruhusiwi, nitakuja na yangu, nifungue mbele yao orodha ya ruhusa nilizozitoa. Nimeichungulia jana usiku baada ya kuwasoma: programu ya kurunzi, niliyoiweka wakati umeme ulipokuwa ukikatika kila jioni, inaruhusiwa kuona namba zangu zote na mahali nilipo. Bado sijaifuta. Nataka binti yule aione kwanza.