Kuwasha lori la dizeli kwenye nyuzi -30: hita ya bloku, hita ya dizeli, au injini iungurume usiku kucha?

FundiWaGerezani
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa magari makubwa hapa Dar. Injini za dizeli ndiyo kazi yangu, ila swali nililoletewa linahusu hali ambayo huku hatuijui. Mdogo wangu ni dereva huko Winnipeg, Kanada, na sasa kanunua lori lake mwenyewe, la Kimarekani, injini ya lita 13, limeshatumika. Kule Januari nyuzi -30 zinafika. Anataka kujua pesa aanze kuiweka wapi.

Anafikiria njia tatu. Hita ya umeme inayofungwa kwenye bloku, yaani mwili wa injini, anaichomeka usiku. Au hita ndogo inayochoma dizeli ya tenki lenyewe na kuzungusha maji ya moto ndani ya injini. Au asinunue chochote, injini iungurume mpaka asubuhi. Pia kuna mtu anamshauri apulize etha, kimiminika kinachoshika moto haraka, kwenye njia ya hewa.

Nadharia naielewa: dizeli haina plagi ya cheche, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na silinda ikiwa ya baridi kali inalinyonya joto hilo mafuta yakiwa hayajawaka. Nawaomba waliowahi kulala na gari kwenye barafu waseme.

Mtemeke_Edmonton
Kaka, mimi niko Edmonton, kwetu Temeke. Muulize kwanza lori linalala wapi. Kama kila jioni anarudi yadi na yadi ina soketi, achukue hita ya bloku na asihangaike na kingine. Bei yake nafuu, haina pampu, haina kompyuta. Ya injini kubwa inakula wati 1,000 hadi 1,500, na ukiiwekea taimaa iwake saa 3 au 4 kabla ya kuondoka inatosha kabisa, haina haja ya kula umeme usiku kucha.

Ukishaichomeka, inama usikilize pale ilipofungwa. Bloku likiwa limepoa sana utasikia maji yakianza kulia taratibu. Ukikuta kimya, kagua waya na soketi hapo hapo jioni. Usisubiri kugundua saa kumi na moja alfajiri.

Kifaa chenyewe kilizaliwa kwenye baridi hiyo hiyo: Andrew Freeman wa North Dakota alipata hataza yake mwaka 1949.

MamaTela
Naheshimu maoni ya Mtemeke, ila hayo ni ya mtu anayelala nyumbani. Mimi na mume wangu tunapokezana usukani, mizigo ya Winnipeg kwenda Texas na kurudi. Vituo vingi tunavyolala havina soketi ya kuchomeka. Hapo hita ya bloku ni mzigo tu.

Hita ya dizeli, Webasto au Eberspächer, inakula kama nusu lita kwa saa ikiwa inafanya kazi kweli. Injini ikiunguruma inakula kama lita 3 kwa saa. Usiku mmoja wenye urefu wa saa 10 ni lita 30 dhidi ya lita 5, na hapo bado hujahesabu uchakavu wa injini. Ubaya wake ni kwamba inategemea betri. Betri ikiwa dhaifu hita inajizima yenyewe, unaamka kila kitu kimekufa. Na lazima uiwashe mara moja moja hata kiangazi, la sivyo inaziba masizi.

Fundi, mwambie jambo hili kwa msisitizo: hita zote hizo zinapasha injini. Mafuta ya kwenye tenki yanabaki na baridi yake. Mtu anajaza matenki kusini kwenye joto, anapandisha na barabara ya I-29, akifika North Dakota dizeli inaanza kutoa nta. Mmeona mafuta ya nazi yanavyokuwa meupe hapo Dar asubuhi za Julai? Ndicho kinachotokea. Fungua filta utaikuta imejaa ute mweupe mzito, hakuna kinachopita. Injini ina joto vizuri, na bado inazima barabarani. Sisi tukielekea kaskazini tunashuka na mafuta kidogo tenkini, tunajaza dizeli ya baridi inayouzwa huko huko. Dawa ya kuzuia mgando inamiminwa kabla, mafuta yakiwa bado na joto. Nta ikishatoka, dawa hiyo haiirudishi.

Tunduma_Express
Wakuu mimi napiga Dar–Tunduma. Makambako na kule Njombe Juni na Julai baridi inauma kweli, Makete mpaka umande unaganda. Sisi tunaacha injini inaunguruma, asubuhi unaondoka bila shida. Kwa nini mnaikataa njia hiyo?

Mtemeke_Edmonton
Kwa Makambako mkuu hata usingehitaji. Ukiona gari linasumbua kwenye nyuzi 5, kagua betri na hita plagi, zile plagi zinazopasha silinda kabla ya kuwasha.

Kwenye -30 injini kubwa ikiunguruma kwa mizunguko 600 au 700 kwa dakika haipati joto lake kamili. Mafuta hayaungui yote, mengine yanateremka ukutani mwa silinda na kuingia kwenye oili, na kichujio cha masizi cha ekzosi kinajaa. Ukilazimika, pandisha mizunguko ifike kama 1,000. Nimefanya hivyo usiku ambao upepo ulikuwa mbaya na nisingethubutu kuzima. Lakini kuifanya kuwa desturi ni kuua injini polepole. Tena sehemu nyingine sheria inakataza. California mwisho ni dakika 5.

FundiUmeme_Tazara
Naona mnanunua hita kabla ya kugusa betri. Betri ya asidi kwenye nyuzi -18 inabaki na kama nusu ya nguvu yake, na wakati huo huo oili imekuwa nzito, selfu inadai umeme zaidi. Hiyo namba ya ampea za baridi (CCA) iliyoandikwa kwenye betri inapimwa kwenye -18 hiyo hiyo, kwa sekunde 30. Tena betri tupu inaganda na kupasuka, iliyojaa haigandi hata kwenye baridi ya huko.

Halafu malori ya Kimarekani ni volti 12, betri tatu au nne zimefungwa sambamba. Haya yetu, Scania, Howo, FAW, ni volti 24. Mdogo wako akizoea ya huku asije akaunga nyaya za kubusti kwa mazoea.

Oili je? Hapa wote tunamwaga 15W-40. Daraja la 15W linapimwa uwezo wa kuzungushwa na selfu kwenye -20, 5W kwenye -30, 0W kwenye -35. Kwa Winnipeg asiweke oili nzito kuliko 5W-40, na asome kitabu cha injini.

Kijana_Kurasini
Samahani wakubwa zangu, kwani hawezi kuchanganya na mafuta ya taa? Nimesikia inasaidia.

MamaTela
Inasaidia, mwanangu, huku kwetu ni jambo la kawaida. Kuna dizeli namba 1, iliyo karibu sana na mafuta ya taa, wanaichanganya na namba 2, ile dizeli ya kawaida, hapo hapo kituoni. Huko Dar neno kuchanganya linaleta picha ya uchakachuaji, na EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) mwaka 2010 kwa sababu hiyo. Tofauti ni kwamba hiyo namba 1 ni safi, salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni. Mafuta ya taa ya kupikia yenye salfa nyingi yataharibu mfumo wa ekzosi. Na namba 1 ina nguvu pungufu kidogo kuliko namba 2, kwa hiyo ulaji unapanda.

FundiWaGerezani
Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Mdogo wangu kajibu sasa hivi: analala yadi siku nyingi, ila mara mbili tatu kwa mwezi anavuka mpaka. Na etha?

Mtemeke_Edmonton
Basi hita ya bloku sasa, betri mpya pamoja na oili. Hita ya dizeli ainunue safari zikiongezeka.

Etha aitupe. Injini yenye hita plagi au waya za joto kwenye njia ya hewa, ukipuliza etha inalipuka kabla ya wakati wake. Nimeona pistoni iliyovunjika kwa ajili hiyo, bwana mmoja alitaka kuokoa nusu saa.

MamaTela
Na breki jamani, tusisahau. Unyevu ukiwa kwenye mfumo wa hewa, vali zinaganda. Abadilishe kichujio cha draya, kile kikausha hewa ya breki, kabla ya Novemba na atoe maji kwenye matenki ya hewa kila jioni. Akitoka kwenye theluji ya majimaji, kabla ya kuegesha akanyage breki kidogo kidogo zikauke, la sivyo asubuhi viatu vya breki vimeshikana na ngoma, tela linaburutwa matairi yamesimama. Ile urea ya ekzosi, kimiminika cha kusafisha moshi, isimtie hofu, inaganda kwenye -11 lakini tenki lake lina hita, injini inawaka hivyo hivyo na urea inayeyuka njiani.