Jirani anachimba, ghorofa letu lina ufa: tufunge vihisi?

Katibu_Upanga: Wakuu, habari zenu. Ghorofa letu la Upanga lina umri wake. Kiwanja cha pili wanachimba basementi, na tangu waanze ukuta wa ngazi umetoa ufa wa mshazari. Kuna muuzaji anataka tufunge vihisi vya mtetemo, data isomeke kwenye simu. Bei si mchezo, lakini baada ya lile ghorofa kuporomoka Kariakoo, Novemba 2024, wapangaji hawalali. Tuchange?

Kokoto: Ufa uko kwenye plasta au umefika kwenye nguzo? Anzeni na kipimo cha ufa: vipande viwili vya plastiki angavu vinavyopishana, kimoja kina vijimraba vya milimita, kingine alama ya msalaba. Kila kimoja kinagandishwa upande wake wa ufa. Mafundi wa zamani walibandika kioo chembamba tu. Kikipasuka, ufa unatembea. Andikeni tarehe, saa na joto.

Katibu_Upanga: Joto la nini tena?

BiMizani: Zege hutanuka kama mikroni 10 (mikroni 1,000 ni milimita moja) kwa kila mita, kwa kila digrii. Ukuta wa mita 10 ukipata joto digrii 10 zaidi ya alfajiri, hiyo ni milimita nzima. Msipojua hilo mtakimbia nje kila saa nane mchana.

Vihisi vya mtetemo vina kazi yake: jengo likilegea, linayumba taratibu kuliko zamani. Ila shimo la jirani linaleta kuzama na kuinama. Fungeni kipima mwinamo, na sarveya alinganishe kimo cha nguzo zenu na alama iliyo mbali na shimo.

Nondo16: Daraja la I-35W, Minneapolis, Marekani, lilianguka Agosti 2007, watu 13 wakafa. La sasa, la 2008, lina vihisi zaidi ya 300, na wapo wahandisi wa kuvisoma. Nyie simu ikilia usiku wa manane, nani ataamua watu watoke?

Katibu_Upanga: Muuzaji hajagusia hilo. Nguzo sijaikagua. Ila mlango wa chini, upande wa shimo, siku hizi unagoma kufunga.

Kokoto: Mkuu, hilo ndilo ungeanza nalo! Acheni habari za vihisi kwanza. Leo hii barua iende Jiji, nakala Bodi ya Usajili wa Wahandisi, uchimbaji usimame mpaka mhandisi wa miundo akague. Wa vyumba vya upande huo walale kwa ndugu.

Katibu_Upanga: Naandika sasa hivi. Picha za ufa niambatanishe?

BiMizani: Ambatanisha, na rula iwe ndani ya picha.