Binti yangu anataka kuandamana Jumatatu kwa ajili ya Perry. Nimruhusu?

MamaBaraka · Jumamosi, 6 Januari 2024

Ndugu zangu, heri ya mwaka mpya. Naandika sijalala vizuri usiku wa pili huu. Niko Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, na watoto watano. Juzi Alhamisi, siku ya kwanza ya masomo baada ya likizo, mwanafunzi aliingia na bunduki katika shule ya Perry, mji mdogo ulio kilomita sitini na kitu kutoka hapa kwetu. Ameua mtoto wa darasa la sita, amejeruhi wanafunzi wengine pamoja na mwalimu mkuu, kisha akajiua. Mtoto aliyekufa alikuwa na miaka 11. Mwanangu wa nne ana miaka 11 na yuko darasa la sita.

Mimi nafanya kazi kiwanda cha nyama, na simu tunaziacha kwenye makabati. Nilipotoka mapumziko nilikuta meseji kumi na moja za binti yangu mkubwa wa miaka 16. Ya kwanza iliuliza, "Mama umesikia Perry?" Ya mwisho ilisema, "Wote tuko salama, usiendeshe mbio, barabarani kuna barafu." Nilikaa kwenye benchi, glovu bado mkononi, mafuta ya nyama yamepaka kioo chote cha simu, nikashindwa kuandika hata herufi moja.

Sasa Jumatatu Bunge la jimbo linafunguliwa, na wanafunzi wamepanga kutoka madarasani waende huko kudai sheria za bunduki. Binti yangu yumo. Bango lake liko tayari nyuma ya kochi, limeandikwa tu: "Mdogo wangu yuko darasa la sita." Ameniomba ruhusa kwa adabu, na ndiyo maana nashindwa kumkatalia kama ninavyokataa mengine.

Lakini nilizaliwa Fizi, mashariki mwa Kongo. Mwaka 1996 nilivuka Ziwa Tanganyika usiku na bibi yangu, nikiwa na miaka tisa, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mpaka tulipopata nchi ya tatu, hapa Marekani, mwaka 2016. Kwetu mtu akitamka neno maandamano, mama anahesabu watoto na kufunga mlango. Naogopa mtu mwenye bunduki awakute wamekusanyika. Naogopa polisi. Naogopa karatasi zetu, maana tuna grini kadi, kibali cha kuishi hapa moja kwa moja, uraia bado. Aliyepitia haya anisaidie.

MzeeKasulu · Jumamosi

Mama pole sana. Nitasema wazi kama mzazi mwenzako: mzuie. Sisi hapa ni wageni. Bunduki za Wamarekani ni mambo yao tangu mababu zao, na Iowa wameziingiza hadi kwenye katiba ya jimbo kwa kura ya 2022. Mtoto wako atabadilisha nini? Alichokuja kufuata ni shule. Asome, na nyinyi msali.

PapaNashville · Jumamosi

Mzee shikamoo. Nakuheshimu, ila hapa sikubaliani na wewe. Mgeni ni yule ambaye risasi haimhusu, na risasi ya shuleni haiulizi pasi ya mtu.

Mama, nilikuwa mahali ulipo. Hapa Nashville mwaka jana, 27 Machi, watoto watatu na watu wazima watatu waliuawa katika shule ya Covenant. Wiki moja baadaye, 3 Aprili, maelfu ya wanafunzi walitoka madarasani wakaandamana hadi Bunge la Tennessee. Kijana wangu alikuwepo, kwa ruhusa ya mama yake, mimi nikiwa nimenuna. Aliporudi jioni sauti yake ilikuwa imekauka. Alikula wali sahani mbili akalala na viatu. Tangu siku ya mauaji alikuwa hali wala halali, na mimi baba yake nilidhani ni utovu wa adabu. Alikuwa anaogopa, na siku ile alipata pa kuupeleka woga wake.

Sitakudanganya kuhusu matokeo. Wabunge wawili vijana waliowaunga mkono wanafunzi ndani ya ukumbi walifukuzwa siku tatu baadaye, ingawa mabaraza ya maeneo yao yaliwarudisha ndani ya siku chache. Sheria waliyoitaka watoto haikupita. Binti yako akienda akidhani Jumatano bunduki zitakuwa zimeisha, atarudi amevunjika moyo kuliko alivyotoka. Kaa naye umwambie hilo mapema.

Na ushauri wangu mkubwa ni huu: usimruhusu tu. Nenda naye.

MwalimuColumbus · Jumamosi

Dada, nafundisha huku Ohio, na nataka ujue unaishi katika mji gani. Desemba 1965, hapohapo Des Moines, wanafunzi wachache walivaa vitambaa vyeusi mkononi kuomboleza waliokuwa wakifa vita vya Vietnam. Mmoja wao, Mary Beth Tinker, alikuwa na miaka 13. Shule ikawasimamisha. Nyumbani kwao walirushiwa rangi nyekundu na kupigiwa simu za vitisho. Wazazi wao wakaenda mahakamani, wakashindwa, wakakata rufaa, wakashindwa tena, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipowapa ushindi mwaka 1969, majaji saba kwa wawili: mwanafunzi haachi haki yake ya kusema kwenye geti la shule. Mwalimu yeyote wa nchi hii anaijua kesi ile, na ilianzia kwenye mitaa ambayo basi la watoto wako linapita.

Lakini haki ile ina mpaka. Akitoka darasani bila ruhusa, shule inaweza kumwandikia utoro kama inavyomwandikia mtoro mwingine yeyote. Isichoruhusiwa ni kumpa adhabu kubwa zaidi kwa sababu ya alichokwenda kukisema. Kwa hiyo piga simu ofisini Jumatatu asubuhi, useme wewe mzazi unamtoa mtoto saa fulani. Uliza jina la aliyepokea simu, uliandike. Kama kuna mtihani, aongee na mwalimu kabla.

MamaBaraka · Jumamosi usiku

Asante sana mwalimu, hilo la kupiga simu nimelishika. Papa Nashville, maneno yako ya "nenda naye" yamenichoma. Zamu yangu Jumatatu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Na karatasi je? Mtu wa kanisani ameniambia picha moja tu ya maandamano inatosha kuharibu faili.

DadaWaFomu · Jumapili

Mama, nimesaidia watu wetu kujaza fomu za uhamiaji miaka mingi. Mimi si mwanasheria, ila haya ni ya msingi. Kuandamana kwa amani si kosa kwa mwenye grini kadi. Katiba yao inalinda kauli ya watu, na wewe ni mtu. Fomu ya uraia inauliza kama uliwahi kukamatwa, kupewa hati ya kosa au kuzuiliwa, hata kama kesi ilifutwa. Kwa hiyo cha kukwepa ni kukamatwa. Polisi wakitangaza watu waondoke, muondoke hapohapo, msibaki kubishana wala kurekodi. Mkizuiliwa, semeni mnataka mwanasheria kisha mnyamaze, na msitie saini kitu msichokielewa.

Sasa niruhusu nikugombeze kidogo. Umeingia 2016. Grini kadi ya mkimbizi inahesabiwa tangu siku aliyoingia, maana yake tangu 2021 ungeweza kuomba uraia. Unasubiri nini? Binti yako ana miaka 16. Ukiapa kabla hajafikisha 18, naye ana grini kadi na anaishi nawe, anakuwa raia palepale bila mtihani, na wadogo zake vilevile. Akishapita 18 ataanza mwenyewe foleni ya mwanzo. Ada ikiwa nzito, kuna fomu ya kuomba usamehewe. Maandamano ya Jumatatu hayanitishi kama hiyo miezi inayokupita.

MamaBaraka · Jumapili

Dada, sikuwa najua hilo la watoto. Nilikuwa naogopa mtihani wa Kiingereza, basi. Nimesoma ujumbe wako mara tatu.

KijanaStPaul · Jumapili

Mama, mimi mwaka 2018 nilikuwa hai skuli, nina umri wa binti yako. Baada ya Parkland, Florida, ambako watu 17 waliuawa 14 Februari, tulitoka madarasani nchi nzima tarehe 14 Machi kwa dakika 17, dakika moja kwa kila aliyekufa. Nakumbuka baridi na ukimya. Nilikuwa nimesimama na jamaa ambao sikuwahi kuongea nao hata mara moja. Niliandikiwa utoro wa kipindi kimoja, haukunizuia kwenda chuo. Na tusiseme kamwe hakuna kinachobadilika: kabla hata ya siku ile, Florida, jimbo linalopenda bunduki kweli, ilishapitisha sheria ya kupandisha umri wa kununua bunduki hadi 21, kwa sababu wale watoto walikwenda kwenye Bunge lao wakiwa bado wanazika wenzao.

Ya vitendo: avae tabaka mbili tatu, soksi nene, simu ijae chaji. Namba yako aiandike kwa kalamu ya wino kwenye mkono, chini ya sweta. Bango lisiwe na kijiti, kinaweza kukataliwa mlangoni. Mkubaliane mahali pamoja pa kukutana mkipotezana. Wakitokea watu wa kuwazomea, wasijibiwe. Na kitu kikilia ghafla, mlango au baluni, mshike mkono kwanza, halafu ndipo mtazame ni nini.

MzeeKasulu · Jumapili usiku

Sijabadili mawazo. Lakini kama mnakwenda, nendeni mkiwa mmekula, na mama ukae upande wa barabara, mtoto upande wa ndani. Nitawaombea kuanzia saa tatu asubuhi.

MamaBaraka · Jumatatu, 8 Januari, usiku

Tumerudi, theluji imeanza kuanguka. Mwenzangu wa Burundi alichukua zamu yangu, nitamlipa Jumamosi.

Nilitoka na buti za kazi kwa sababu ndizo zenye joto. Zina chuma mbele, kwa hiyo kwenye mashine ya ukaguzi mlangoni zikalia. Mwili wangu wote ulikufa ganzi. Askari aliniambia kitu sikukisikia, nilikuwa nimeshainua mikono yote miwili juu, kama tulivyofundishwa utotoni njiani. Binti yangu akanishusha mikono polepole, akamwambia askari kwa Kiingereza, "Ni viatu vyake tu." Askari akasema samahani mama, piteni. Mwanangu hakuwahi kuniona hivyo. Hakuuliza kitu, akanishika mkono na hakuuachia mpaka tulipotoka.

Ndani ya jengo wamejaa watoto. Sauti zao zinapanda juu ya ngazi mpaka kwenye kuba, nikasikia kifua kinatetemeka. Sikupiga kelele, sijui kupiga kelele mbele ya serikali. Nilishika upande mmoja wa bango. Mama mmoja mzungu alilisoma, akanionyesha kwenye simu picha ya kijana mdogo, akasema "Perry", akaanza kulia, tukakumbatiana bila kujuana majina.

Mzee wangu, tulikula ugali kabla ya kutoka. Nilikaa upande wa barabara.

MamaBaraka · Jumapili, 14 Januari

Mwalimu mkuu wa Perry amefariki asubuhi ya leo. Wamesema alijiweka hatarini ili wanafunzi wapate kukimbia. Kanisani tumesimama kimya kwa ajili yake.

Mwanangu wa darasa la sita ameniuliza kama mwalimu mkuu wao naye angefanya hivyo. Nilimwambia sijui. Dada yake akamwambia, "Jumanne tukamuulize jina lake la kwanza," maana kumbe hakuna hata mmoja wetu anayelijua.

DadaWaFomu, nimeanza kujaza ile fomu ya uraia. Nimekwama ukurasa wa anwani za miaka mitano, tumehama mara tatu. Ukipata nafasi nisaidie.

DadaWaFomu · Jumapili usiku

Nipigie kesho baada ya zamu yako. Uwe na risiti za kodi ya nyumba mezani.