Dawa ya minyoo ya ng'ombe na kondoo: je, ni salama kwa mbwa wa kuchungia?

MchungaMifugo aliuliza:

Natumaini nyote hamjambo. Ninafuga kondoo, mbuzi na ng'ombe wachache, na ninao mbwa wanne wanaokwenda nao malishoni: wawili ni mbwa wakubwa wa ulinzi ambao ukoo wao haujulikani, na wawili ni chotara wa Border Collie wanaotumika kukusanya kundi. Kila ninapowapa mifugo dawa ya minyoo, hubaki kiasi chupani. Kwa sasa ninazo ivermektini ya sindano ya asilimia 1, fenbendazoli ya kunywesha ya asilimia 10, na albendazoli ya kunywesha. Jirani yangu huwapiga mbwa wake ivermektini hiyo hiyo kwa kukadiria uzito, mililita 1 kwa kilo 50 kama kwa ng'ombe, na mbwa wake ni wazima. Je, ni salama nikifanya hivyo, au kuna kati ya dawa hizi isiyofaa kabisa kumkaribia mbwa? Ningependa kupata na sababu, si katazo tu.

DaktariWaZizi alijibu:

Ndugu mfugaji, chupa zako tatu zina majibu matatu tofauti. Kinachowaponza wengi ni kudhani kwamba kipimo cha kilo moja ya ng'ombe ndicho kipimo cha kilo moja ya mbwa. Kuna dawa ambayo kipimo hicho humzidia mbwa mara nyingi, na kuna nyingine ambayo humpungukia hata minyoo ikabaki kama ilivyokuwa.

Nianze na ivermektini, maana ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Sindano ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, na ng'ombe hupewa mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Vidonge vya mbwa vinavyokinga minyoo ya moyo hutoa mikrogramu 6 tu kwa kilo, mara moja kwa mwezi. Mbwa wa kilo 20 huhitaji basi mikrogramu 120, ambazo kwa dawa yako ya ng'ombe ni mililita 0.012. Tone moja linalodondoka kwenye ncha ya bomba la sindano huwa karibu mililita 0.05, kwa hiyo tone hilo peke yake limekwisha kupita kiasi hicho mara nne. Hakuna bomba tunalotumia zizini linaloweza kupima kiasi kidogo namna hiyo kwa uhakika, na kuizimua dawa nyumbani kwa maji hakusaidii, kwa sababu ivermektini haiyeyuki vizuri kwenye maji.

Jirani yako akimpiga mbwa wa kilo 20 mililita 0.4, anampa mikrogramu 200 kwa kilo. Mbwa wake ni wazima kwa kuwa mbwa wengi huvumilia kiasi hicho. Hata sisi madaktari hupanda hadi mikrogramu 200 au 400 kwa kilo tunapotibu ukurutu unaosababishwa na utitiri, ila ni baada ya kujiridhisha kwamba mbwa si wa ukoo unaodhurika na kwamba damu yake haina viluwiluwi vya minyoo ya moyo, ambavyo vikifa vingi kwa mpigo vinaweza kumwangusha mbwa ghafla. Jirani hajui lolote kati ya hayo mawili.

Kuhusu ukoo, mwaka 2001 Katrina Mealey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, nchini Marekani, walionyesha kwamba Collie (ukoo wa mbwa wa kuchungia, tofauti na Border Collie) wanaodhuriwa na ivermektini wana hitilafu katika jeni iliyoitwa MDR1, ambayo siku hizi huitwa pia ABCB1. Jeni hiyo huelekeza utengenezaji wa protini inayokaa kwenye kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo na kuisukuma dawa nje kila inapopenya. Protini hiyo ikiwa mbovu, dawa hulimbikizana ubongoni. Karibu Collie 7 kati ya 10 wana walau nakala moja ya jeni yenye hitilafu, na Australian Shepherd ni karibu nusu. Border Collie halisi wenye nayo ni wachache, lakini wako ni chotara, na huwezi kujua kwa macho upande wa pili wa damu yao ulitoka wapi. Mbwa mwenye nakala mbili anaweza kuanza kuonyesha dalili za sumu kuanzia mikrogramu 100 kwa kilo, yaani nusu ya kipimo cha jirani yako. Kuna wanaoamini kwamba mbwa wa kuogopewa ni yule mwenye miguu myeupe. Rangi ya miguu haithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni kipimo cha vinasaba, ambacho huchukuliwa kwa kusugua usufi ndani ya shavu na hufanywa mara moja tu katika maisha ya mbwa. Majibu yake yatakufaa hata nje ya habari ya minyoo, kwa sababu mbwa hao hudhuriwa pia na loperamidi, dawa ya kuharisha ambayo watu wengi huwa nayo kabatini.

Fenbendazoli ni rafiki. Ndiyo dawa ile ile inayouzwa kwa mbwa, nayo huvumiliwa vizuri hata na Collie. Hapa hatari imegeuka: kondoo hupewa miligramu 5 kwa kilo, ilhali mbwa huhitaji miligramu 50 kwa kilo, kila siku kwa siku 3 mfululizo. Mbwa wa kilo 20 atakunywa mililita 10 za dawa ya asilimia 10 kila siku, au mililita 40 ikiwa chupa ni ya asilimia 2.5. Soma asilimia hiyo kabla ya kitu kingine chochote, kisha uhakikishe kwamba ndani hakuna dawa ya pili. Dawa nyingi za kunywesha huchanganywa na dawa ya minyoo ya ini, na nyingine huongezwa madini ya seleniamu na kobalti kwa ajili ya kondoo. Kuongeza kipimo mara kumi kwa ajili ya fenbendazoli ni kuongeza mara kumi kila kilichomo.

Albendazoli iache kwa mifugo. Kwa mbwa inaweza kudhoofisha uboho, chembe za damu zikapungua, na kwa jike mwenye mimba inaweza kudhuru watoto. Ukiwa na fenbendazoli mkononi, sioni sababu ya kujiingiza huko.

MamaKondoo alijibu:

Daktari ameeleza vizuri. Ninaongeza jambo moja ambalo wafugaji hulisahau: mbwa anaweza kulewa ivermektini bila wewe kumpa.

Tuliwamwagia ng'ombe ile dawa ya mgongoni, nayo ina miligramu 5 kwa mililita, na mbwa wetu mmoja akashinda akiwalamba manyoya. Jioni alionekana kama amelewa pombe. Miguu ya nyuma ilikuwa inavukana, mate yanamchuruzika, na mboni zake zilikuwa zimetanuka hata nilipommulika kwa tochi machoni. Alipoitwa alikuja moja kwa moja akagonga nguzo ya lango, kwa kuwa alikuwa haoni. Daktari alitueleza kwamba sumu hiyo haina dawa yake mahususi. Mbwa alitundikiwa maji, akawekewa mshipani mafuta maalumu yanayosaidia kuivuta dawa kutoka kwenye tishu, na baada ya hapo kazi ilikuwa kumgeuza ubavu mara kwa mara asipate vidonda. Aliamka polepole sana, lakini alipona.

Tangu hapo mbwa hufungwa mbali siku ya dawa, na kinyesi cha farasi waliopewa dawa huzolewa, kwa sababu sehemu kubwa ya ivermektini hutoka nacho ikiwa bado na nguvu. Bomba moja la dawa ya kupaka ulimini mwa farasi lina karibu miligramu 120, na mbwa huipenda ladha yake.

MchungaMifugo aliandika:

Daktari, nakushukuru, na wewe mama, pole kwa mkasa huo. Sasa nimebaki na jambo moja. Nimeona kwa macho vipande vyeupe vinavyofanana na punje za wali kwenye kinyesi cha mbwa mmoja. Nikiacha ivermektini na kutoa fenbendazoli, hao nao wataondoka? Pia nimeona dawa ya farasi yenye ivermektini na prazikwanteli pamoja. Nilidhani hiyo ingemaliza kazi yote.

DaktariWaZizi alijibu:

Hayo ni mapingili ya tegu, na ivermektini ambayo jirani anaitegemea haiui tegu hata kidogo. Fenbendazoli huua aina fulani za tegu wanaotokana na kula nyama mbichi, ila haimuui yule anayeletwa na viroboto, wala si ya kutegemewa kwa yule mdogo wa Ekinokoka. Huyo wa mwisho ndiye anayenipa hofu kwa mbwa wa kuchungia. Urefu wake ni milimita chache tu, huwezi kumwona kinyesini, na mayai yake yakimezwa na mtu huota vivimbe vyenye maji katika ini au mapafu. Mbwa humpata kwa kula maini na mapafu ya kondoo au mbuzi yenye vivimbe hivyo, na kondoo humpata kwa kula majani yaliyochafuliwa na mbwa.

Dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 5 kwa kilo, mara moja, na hata mbwa mwenye hitilafu ya jeni huivumilia kwa kipimo hicho. Nunua vidonge vya mbwa. Ile ya farasi yenye dawa mbili usiiguse: ili mbwa apate miligramu 5 za prazikwanteli kwa kilo kutoka humo, ivermektini anayoimeza itapita mikrogramu 600 kwa kilo, na hicho ni kiasi cha kumuua mwenye jeni mbovu.

Mahali ambapo mbwa hupata matumbo ya wanyama waliochinjwa, prazikwanteli hurudiwa kila baada ya wiki 6, kwa kuwa tegu huyo huchukua muda kama huo kukomaa na kuanza kutoa mayai. Mifugo ikichinjwa, maini na mapafu yachemshwe sawasawa kabla ya kupewa mbwa, au yafukiwe kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Huyo mwenye mapingili mpe leo, na wenzake watatu siku hiyo hiyo. Wapime uzito kwanza: panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha upande peke yako na utoe tofauti; kama ni mkubwa mno kubebeka, tumia mizani ya kupimia kondoo.