Tupeane uzoefu: YouTube na WhatsApp kama zana za kufundishia, shule za Nyanda za Juu Kusini

Mwl_Ngosi:
Kamwene wakuu, na wa kwetu Rungwe, ugonile. Uzi wa juzi kuhusu projekta umenikumbusha hili la kufundishia kwa video. Walimu wengi wana vile vishikwambi vilivyogawiwa baada ya sensa ya 2022, na bado volkano inachorwa kwa chaki.

Video usiifungulie darasani kwa bando. Ipakue jana yake. Dakika 10 kwa 360p (ubora wa chini wa picha) hula kama MB 30 hadi 50, kwa 720p (ubora wa juu) hupita 150, na ukionyesha kwenye shuka jeupe ukutani hakuna mwanafunzi atakayeona tofauti. Ukipakua ndani ya programu ya YouTube yenyewe, faili halitoki humo, hulihamishii kwenye fleshi. Kwa hiyo chombo ulichopakulia ndicho uende nacho darasani.

Usionyeshe video nzima. Kata dakika 3 au 4, andika kwenye andalio la somo inaanzia dakika ya ngapi na inaishia wapi. Kabla hujabonyeza, andika ubaoni maswali mawili ambayo jibu lake limo humo. Magma inapofika juu, simamisha, uliza: Ziwa Ngosi lilitokeaje pale kileleni? Wengine wameshapanda kuliona, hapo ndipo mjadala unapowaka.

Bati_la_Tukuyu:
Na sauti je? Mvua ya Rungwe ikipiga bati, spika ya simu haisikiki hata dawati la mbele. Video zote weka vipindi vya asubuhi, au zima sauti kabisa na usimulie mwenyewe. Binafsi naona kusimulia ni bora hata siku ya jua, maana msimulizi wa Kiingereza cha haraka anawaacha kidato cha kwanza.

Mwl_Makete:
Kweli kabisa.

Fundi_Waya_Mbeya:
Kabla hujanunua waya wa HDMI wa kupeleka picha kwenye projekta, jua kwamba kishikwambi chenye tundu la Type-C si lazima kitoe picha. Vingine tundu ni la chaji na mafaili tu. Watu wananunua adapta soko la Mwanjelwa, wanachomeka, projekta inaandika "no signal", wanalaumu projekta. Jaribu adapta palepale dukani. Ikigoma, hamisha faili kwa fleshi ya OTG (inayochomekwa moja kwa moja kwenye kishikwambi) uliweke kwenye laptopu. Hii ni kwa faili unaloweza kulihamisha, kama video uliyotumiwa WhatsApp. La YouTube ameshasema Ngosi.

Mnyalukolo_Historia:
Ninyi mnaongelea video tu. Mimi naona posti zenye makosa ndizo zana nzuri kuliko zote. Chukua posti yoyote ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, inayozunguka mtandaoni, inakili kwenye karatasi ya manila, kila dai lipewe namba. Kundi la watu watano linapewa dai moja na vitabu. Vita vya Lugalo ni 17 Agosti 1891, kamanda wa Wajerumani Zelewski aliuawa pale. Mkwawa alikufa 1898. Fuvu lake limetajwa kwenye kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles, 1919, na lilirudi Kalenga 1954. Posti ikidai lilirudi siku ya uhuru, mwanafunzi wa kidato cha pili analikamata kosa mwenyewe. Bando halihitajiki hata kidogo.

Baba_Mafinga:
Walimu, shuleni simu haziruhusiwi halafu ninyi mnawafundisha watoto mambo ya posti. Tuelewe nini wazazi?

Mnyalukolo_Historia:
Mzee wangu, soma tena. Nimesema manila. Simu imeshikwa na mwalimu peke yake.

Baba_Mafinga:
Nimesoma. Na yale magrupu ya WhatsApp ya kidato cha nne wakati wa likizo? Hayo nayo ni manila?

Dada_Njombe:
Baba Mafinga ana hoja, tusimpuuze. Ngoja nieleze jambo linaloharibika, maana linaharibika kwa namna ileile kila mahali.

Admini anatengeneza kiungo cha kujiunga, anakiweka status ili wanafunzi waingie haraka. Mmoja anakituma kwingine. Kiungo kile hakichagui mtu: yeyote aliyenacho anaingia, na akishaingia anaona namba za wote. Anakaa kimya wiki mbili, kisha anaanza kuwaandikia mabinti mmoja mmoja pembeni, akijiita mwalimu wa tuisheni. Admini akija kumtoa, namba ameshazinakili.

Kwa hiyo: usitumie kiungo, ongeza namba kwa mkono. Kiungo kikiwa kimeshatoka, kiweke upya ili cha zamani kife. Washa ile mipangilio ya admini kuidhinisha kila anayeingia. Namba ziwe za wazazi, si za watoto. Admini wawe wawili, mmoja awe mwalimu wa malezi. Kuandika waachiwe admini tu, majibu yaje kwenye daftari shule ikifunguliwa.

Mwl_Makete:
Dada hili limenitisha. Naenda kuzima kiungo sasa hivi.

Bati_la_Tukuyu:
Na mimi.

Mwl_Ngosi:
Mimi hapo mwisho sikubaliani. Wasipoandika, utajuaje nani kakwama? Tumia kura ya WhatsApp. Swali moja, chaguo nne, jioni unaona wangapi wamekosea.

Dada_Njombe:
Kura inaonyesha jina la aliyechagua, mwalimu. Anayekosea mara tatu mbele ya wenzake hapigi tena.

Mwl_Ngosi:
Hilo sikuliwaza. Basi majibu yaje kwa admini pembeni, kupitia simu ya mzazi.

Baba_Mafinga:
Hapo sasa tunaelewana. Lakini video msitutumie, bando la mzazi linaisha kwa siku moja.

Mwl_Makete:
Ndiyo maana huku tunatuma sauti. Dakika 2 haifiki hata MB 1, na inapenya hata pale mtandao unaposhika ukisimama kilimani tu. Taja ukurasa wa kitabu mwanzoni, soma swali mara mbili, nyamaza kidogo, kisha eleza. Ikizidi dakika 3 wengi hawafiki mwisho.

Fundi_Waya_Mbeya:
Na rekodi ndani, mlango umefungwa. Upepo wa Makete ukigonga maiki, sauti yote ni mvumo.