Msaada: MGB ya zamani, tairi za upande wa dereva zimegoma kutoka (niko Lindi)

Chumvi ya Mtanda
Wakuu, naombeni msaada kabla sijaharibu kitu. Kuna MGB, ile MG ya wazi ya viti viwili, imelala bandani hapa Lindi tangu nikiwa mdogo. Mjomba aliipata kwa Mzungu wa mradi wa karanga Nachingwea. Rimu zake ni za spoku, hazina nati nne wala tano. Katikati ipo nati moja kubwa ya kromu yenye masikio mawili. Upande wa abiria nimezitoa zote mbili kwa nyundo bila shida. Upande wa dereva zimegoma kabisa, na sikio moja limeanza kupinda. Fundi wa jirani anasema tupige moto wa gesi. Nahitaji zitoke wiki hii.

Fundi Mikumbi
Moto usiweke. Pale nyuma ya haba, yaani kitovu ambacho rimu inakaa, kuna grisi, beringi na mipira ya breki, utaviunguza vyote. Niambie kwanza: nati unaigeuza kuelekea wapi?

Chumvi ya Mtanda
Kushoto, kama nati zote. Mbona za abiria zilitoka hivyo hivyo?

Fundi Mikumbi
Basi muda wote huo ulikuwa unakaza, mdogo wangu. Gari hizi za Kiingereza nyuzi za nati za pande mbili hazifanani. Upande wa abiria nati inafunguka kinyume cha saa, upande wa dereva inafunguka kwa mwendo wa saa. Ukitaka usisahau, angalia sikio lililo juu: ukiligonga kuelekea mbele ya gari unafungua, ukiligonga kuelekea nyuma unakaza. Ni hivyo hivyo pande zote mbili. Walifanya makusudi, ili gurudumu likizunguka kwenda mbele liikaze nati badala ya kuilegeza. Ndiyo maana haba za kulia na kushoto hazibadilishwi. Akitokea mtu akazichanganya, tairi linaweza kujifungua barabarani. Futa kutu kwenye masikio, mara nyingi kuna neno UNDO, yaani fungua, na mshale.

Na hiyo nyundo ya chuma weka pembeni. Tumia ya shaba au ya risasi. Ukikosa, weka kipande cha mbao ngumu kati ya nyundo na sikio. Uko Lindi, mpingo hauwezi kukushinda kuupata.

Kusi wa Shangani
Mmenikumbusha pikipiki yangu ya kwanza, nilikuwa napeleka samaki wakavu Masasi. Nilipofika Mnazi Mmoja tairi la nyuma likaanza kucheza, kumbe spoku zimelegea. Mzee mmoja pale njiapanda alichukua spana ndogo akawa anaigonga spoku moja moja na kusikiliza. Nzima inalia kwa sauti ya juu, iliyolegea inatoa mlio mzito uliokufa. Hakutumia kifaa kingine chochote. Ndugu, kabla hujafanya lolote gonga za kwako usikie. Upepo wa bahari wa Lindi na Mtwara hauna huruma na chuma.

Bibi Korosho
Mwanangu, na usisahau mipira ya ndani. Rimu za waya zina vichwa vya spoku vinavyotokeza ndani, lazima ziwe na tyubu na utepe wa kuikinga. Marehemu mume wangu alikuwa na gari la hivyo Newala, akafungiwa tairi bila utepe, tulilala njiani na watoto. Sijasahau ule usiku. Korosho tulizobeba ndizo tulizokula.

Chumvi ya Mtanda
Shikamoo mama, nimekusikia. Fundi, Mungu akubariki. Nimeigeuza ulivyosema, nati ya mbele imetoka. Lakini rimu yenyewe imeganda kwenye haba, haisogei.

Fundi Mikumbi
Hiyo ni kutu kwenye meno. Rimu haishikwi na bolti, inakaa kwenye meno marefu ya haba, na maji ya chumvi yakiingia pale vinashikana. Mimina dizeli au mafuta ya kulegeza kutu, acha yanywe usiku kucha. Kisha rudisha nati nyuzi chache tu, usiikaze, ili rimu ikichomoka ghafla isikuangukie. Gonga tairi kutokea nyuma kwa gogo, ukizungusha kidogo kidogo. Spoku usiziguse. Na gari likae kwenye stendi imara, jeki peke yake haitoshi.

Ikitoka, tazama yale meno. Yakiwa yamechongoka kama ya papa, yameisha. Yakiwa bapa juu, safisha, paka grisi na urudishie.

Chumvi ya Mtanda
Hazirudi. Nataka kufunga rimu za kawaida.

Fundi Mikumbi
Rimu za kawaida utazifunga wapi? Haba ya meno haina bolti. Kwa MGB kuhamia rimu za bolti ni kubadili haba zote nne, na ekseli ya nyuma ya gari la spoku ni fupi kuliko ya gari la rimu za chuma. Rimu ya Corolla haikai hapo. Unazitoa kwa nini hasa?

Chumvi ya Mtanda
Kuna mtu wa Dar anazihitaji. Ametuma nusu ya hela, gari lake la kuzichukua linafika Jumamosi.

Dada wa Mahakamani
Kaka, swali dogo. Umesema gari ni la mjomba. Mjomba yuko wapi?

Chumvi ya Mtanda
Ametangulia mbele ya haki.

Dada wa Mahakamani
Pole sana. Msimamizi wa mirathi ni nani?

Chumvi ya Mtanda
Bado hatujakaa kikao. Watoto wake wako Dar, hawajawahi hata kuuliza hilo gari. Mimi ndiye niliyemuuguza. Kwetu Wamwera mpwa si mtu wa pembeni, mnajua. Na spoku zinaoza mbele ya macho yangu, kila masika zinazidi. Hela yenyewe nataka niezeke nyumba ya mjomba, inavuja. Ubaya uko wapi?

Dada wa Mahakamani
Mila naijua, mimi mwenyewe ni wa huku. Lakini mali ya marehemu inaanza na kikao cha ukoo kinachopendekeza msimamizi, halafu Mahakama ya Mwanzo inamteua. Kabla ya hapo huna mamlaka ya kuuza hata nati moja, na huyo mnunuzi akija kudaiwa na watoto atakugeukia wewe. Nia yako ni njema, ndiyo maana nakusihi.

Mpekuzi Huru
Samahani jamani, mimi naona hii ni chai. Mradi wa karanga ulianza 1947 na Waingereza wakauacha 1951. MGB ilianza kutengenezwa Abingdon, Uingereza, 1962. Huyo Mzungu wa karanga aliipata wapi? Mnamfundisha mtu ufundi na sheria kwa gari ambalo halipo.

Kusi wa Shangani
Eeh, hapo kuna neno. Mleta mada, picha.

Bibi Korosho
Msimkimbilie mtoto wa watu. Wazungu wengine walibaki, wengine walikuja baadaye kwenye mkonge. Sisi tuliwaita wote wa karanga.

Mpekuzi Huru
Sawa mama, nakuheshimu. Basi afungue boneti asome kibati cha namba ya chesi. Herufi za mwanzo zinatosha, zilizobaki azifiche.

Chumvi ya Mtanda
Inaniuma kuitwa mwongo wakati nimetoka kuzika. Hadithi ya karanga ni ya bibi, niliikuta nyumbani nikaileta kama nilivyoipokea. Mjomba alikuwa dereva wa meneja wa shamba la mkonge, huenda aliipata huko. Kibati kinaanza GHN3. Mbele ya hapo kutu imekula.

Mpekuzi Huru
GHN3 ni MGB ya wazi ya toleo la kwanza, kweli kabisa. Na kama baada ya 3 hapakuwa na L, maana yake usukani wa kulia. Nafuta neno langu, kaka, na pole kwa msiba. Ila sasa nakuomba zaidi ya wote: usiitenganishe hiyo gari. Ikiwa na rimu zake ina thamani ambayo vipande havitafikia.

Chumvi ya Mtanda
Rahisi kusema ukiwa mbali. Hela ya watu nimeshanunulia bati.

Dada wa Mahakamani
Bati zinarudishwa dukani kama hazijapigwa misumari. Wapigie watoto wa marehemu leo, kabla ya mnunuzi.

Chumvi ya Mtanda
Mkubwa wao nimempigia, hajapokea. Nitajaribu tena baada ya Isha. Fundi, nati niliyopinda sikio, ikibidi ninunue nyingine naomba nini dukani?

Fundi Mikumbi
Hesabu nyuzi kwenye inchi moja ya haba. MGB zipo za 12 na za 8, haziingiliani. Mwambie muuzaji idadi, upande wa dereva, ya masikio. Za pembe nane bila masikio zililetwa na sheria za usalama za Marekani, nazo zinataka spana yake. Ila hilo sikio kwanza nitumie picha, linaweza kunyooshwa.